Ngozi ya Ng'ombe Aliye Hai

Ndugu wasomaji, nina miaka sabini na minane. Ninaishi Kagongwa kwa mdogo wangu, ninasali, ninakula, ninalala salama. Namshukuru Mungu. Lakini kuna mkasa ulionipata katika miaka ya sabini, nikiwa mama wa watoto watatu, na sipendi kufa nao moyoni.

Nilikuwa nimeolewa upande wa Ushirombo. Mume wangu, Baba Shija, alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili ndiye aliyepanga watu kwenye mabenchi. Nani angemdhania vibaya?

Jirani yetu, Baba Kulwa, alituletea ng'ombe wake wa maziwa tumtunzie. Kwetu ni desturi, Wasukuma tunaiita kubilisa. Mtu hafungi mifugo yake yote katika zizi moja; huigawa kwa marafiki ili wenye kijicho wasijue ana wangapi. Anayetunza hunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, mtunzaji humpelekea mwenyewe ngozi, na ngozi ndiyo ushahidi.

Ng'ombe yule alikuwa mweusi, mwenye baka jeupe tumboni. Sikio lake la kulia lilichanwa na fisi, na chuchu moja ya nyuma haikutoa maziwa. Mimi ndiye niliyemkamua.

Baba Kulwa akafariki. Akamwacha mkewe na mapacha wadogo... Kiangazi kilichofuata mume wangu akapeleka mifugo malisho ya mbali, akarudi bila ng'ombe yule. Akasema amekufa kwa kimeta. Akampelekea mjane ngozi nyeusi yenye baka jeupe.

Kimeta! Tangu lini mtu akachuna ng'ombe wa kimeta? Huyo huzikwa mzima mzima, hakuna anayethubutu kumtia kisu. Na kwa nini ngozi ile ilikatwa shingoni, masikio hayapo? Nilimtazama mume wangu akila ugali wake taratibu, akinawa, akishukuru kwa ishara ya msalaba... Shaka ikaniingia, na haikutoka tena.

Mama Kulwa aliitandika ngozi ile chini, wanawe wakawa wanalala juu yake. Kila nilipopita mlangoni pake niligeuza uso. Na safari za mume wangu za Masumbwe zikazidi. Nikimuuliza anafuata nini, anasema chumvi. Chumvi gani isiyofika nyumbani?

Mungu ana njia zake. Wifi yangu wa Masumbwe alibatizisha mtoto, nikaenda. Tukitoka kanisani tulipita kwa rafiki mmoja wa mume wangu, na zizini mwake nikamwona ng'ombe mweusi, sikio limechanika, ndama pembeni. Nikaomba kibuyu, nikasema nataka kumsaidia mama mwenye nyumba kukamua. Nikashika ile chuchu ya nyuma. Kavu... Wifi yangu alinitazama, kisha akatazama pembeni.

Tulifundishwa kwamba ndugu yako akikosa, umwonye kwanza mkiwa wawili tu. Nilirudi nikamwambia mume wangu nilichokiona, nikamsihi amrudishe ng'ombe kimya kimya, hata kwa kusingizia lolote. Hakukasirika. Alicheka kidogo.

"Mama Shija, ng'ombe haongei," alisema. "Na mke wa mtu vilevile."

Nikamfuata katekista wetu. Akaniambia mambo ya zizi si mambo ya kanisa. Baadaye nikakumbuka kwamba maziwa ya watoto wake yalitoka kwa ng'ombe tuliyempa amtunze. Nikaanza kumshuku kila mtu... Nani mwingine alijua?

Msiba haukuishia hapo. Uongo huzaa. Ndugu za marehemu wakaanza kusema Mama Kulwa ana mkono mbaya: mume amekufa, ng'ombe naye amekufa. Wakaitisha kikao cha ukoo na majirani ili aondoke, watoto wabaki. Wakaileta ile ngozi, wakaitandaza katikati. Mama Kulwa alikaa chini amewakumbatia mapacha.

Mume wangu akaulizwa kama kweli ng'ombe alikufa. Akajibu ndiyo.

Nikasimama.

"Mama Shija, kaa," mzee mmoja akaniambia. "Hili ni la wanaume."

"Nitakaa, baba, nikishasema. Ng'ombe huyo hajafa. Yuko Masumbwe na ana ndama. Nimemshika kwa mikono yangu."

Shemeji yake Mama Kulwa akauliza, "Kwani wewe umeolewa na mume au na ng'ombe wa watu?" Wengi wakacheka. Katekista alikuwepo. Alichora chora mchangani kwa kijiti.

Mzee yule hakucheka. Alituma vijana wawili Masumbwe, na wakarudi wakimswaga ng'ombe na ndama wake. Mama Kulwa akabaki na nyumba yake na wanawe. Hakuna aliyemgusa tena.

Mimi je? Asubuhi yake nilikuta nguo zangu zimefungwa ndani ya kanga, zimewekwa nje ya mlango. Watoto wakabaki kwa baba yao, kwa kuwa mahari ilikuwa imetolewa. Mdogo alikuwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya! Wanawake niliochota nao maji wakaacha kuniitikia, eti nimelianika zizi la mume wangu. Nikarudi kwetu Kagongwa kwa miguu, mzigo kichwani.

Mwaka uliofuata wifi yangu alikuja kunitazama. Alilia sana. Akasema, "Wifi, mimi nilijua tangu siku ile ng'ombe anafikishwa." Nikamuuliza nani wengine walijua. Akaanza kutaja majina... nikamwomba asiendelee.

Watoto wangu walinitafuta wakiwa watu wazima. Shija alipofika alinipa shikamoo, akasimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha, kama mgeni.

Sijutii. Mungu amenitunza, na ningesimama tena. Lakini nawasihi, ndugu zangu Wakristo, mliokaa mkichora mchangani huku mnajua: laiti wangesimama watatu tu, nisingefukuzwa. Nani angewafukuza watu wote wale? Ukimwona mtu amesimama peke yake kusema kweli unayoijua, usingoje kuja kumlilia mwakani. Simama naye siku hiyohiyo.