Rufaa Iliyonywewa

Faili la Zaharia lilianza kunuka ndani ya teksi, kabla hata hajafika kwenye ofisi za Magoudjou, mjini Moroni. Lilinuka marashi na nywele zilizoungua. Abiria mwenzake alishusha kioo, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, umebeba nini humo?"

"Rufaa," akajibu.

Miaka ishirini na miwili alipiga taipu bandarini Mutsamudu, kisiwani Nzuani, mpaka mamluki mmoja mlevi alipomponda mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki, eti amemcheleweshea karatasi. Akaomba kustaafu mapema. Bwana Allaoui, mkuu wa ofisi ya pensheni huko Moroni, akakataa: mkono wa kushoto bado mzima. Wangazidja, watu wa kisiwa chake mkuu huyo, walioumwa mgongo tu walishapumzishwa zamani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Zaharia alinyongwa na haki hakupewa. Basi kwenye rufaa akatia chumvi, akaandika kwamba mikono yake yote miwili imekufa.

Kisha akaipeleka kwa fundi Inzoudine, mganga wa Hombo. Fundi akainakili kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akayaosha maandishi kwa marashi, akamkabidhi maji hayo kikombeni.

"Ukinywa, jini anakuwa shahidi wako," alinong'ona. "Naye hakubali kuaibishwa. Kila neno ni kweli, mwanangu?"

"Kila neno, fundi."

Akanywa yote.

Teksi ilipomfikisha Magoudjou, Bwana Allaoui hakusoma hata ukurasa mmoja. "Nyinyi watu wa Nzuani mmezidi kulialia," alisema, akashika kalamu akatae tena. Chini ya meza kitu kikakwaruza mbao. Ilikuwa mchana kweupe, lakini ile harufu ikajaa chumba kizima, na kabla Zaharia hajamaliza bismillahi mkono wa mkuu ukabanwa mezani na kitu kisichoonekana, vidole vikavunjwa kimoja kimoja kama kuni za jikoni, mtu mzima akamlilia mama yake, damu ikatapakaa, na mkono ule ule uliovunjika ukaburutwa juu ya karatasi mpaka ukaandika kwamba ombi limekubaliwa.

Zaharia alifurahi, tusimsingizie wema. Aliichukua karatasi, akaisoma akielekea mlangoni. Amestaafishwa, iliandikwa, kwa kuwa mikono yote miwili imekufa.

Harufu ilikuwa imemfuata. Alipogusa kitasa kwa mkono wa kushoto, kiganja cha moto kikaufunika.

"Mimi sishuhudii uongo, mama," sauti ikamnong'oneza sikioni.

Kidole gumba ndicho kilichotangulia.