Taa ya Kijani Juu ya Mnanaha

Kitambuajani kilikuwa kifaa kidogo kama nyigu. Kiliruka juu ya bustani za mapaa ya Morogoro, kikitua kwenye jani kinalimulika, na kabla hujapepesa macho kimeshatamka jina la kisayansi la ukoo wake. Ukoo ukiwa wa vyakula, taa ya kijani inawaka. Basi tangu kije, nani tena alihangaika kumfundisha mtoto majani? Hata Mama Siwema alijisemea: ya nini?

Jumapili moja alirudi sokoni akamkuta Siwema, bintiye wa miaka kumi na mitatu, anaonja mboga jikoni. Akaokota jani bichi lililobaki mezani, akalifikicha, akalinusa.

"Mnanaha, sumu hii! Siwema, umekula?"

"Vijiko vitatu tu. Mama, si mnavu? Kimesema Solanaceae. Ukoo wa nyanya, bilinganya, mnavu. Na taa ikawaka!"

"Na mjomba wako Shomari ni ukoo wetu. Umewahi kuona namwachia funguo?"

Siwema alitaka kucheka, mdomo ukamkauka. Mboni zilikuwa zimetanuka, akaanza kuchuma hewani vitu visivyokuwepo. Mama alimbeba mgongoni, binti mzima yule, ghorofa tisa mpaka chini, mbio hospitalini.

Siku mbili Siwema hakumjua mama yake. Ya tatu akaomba maji, akasema, "Mama."

Mama hakungoja. Siku hiyohiyo alikwenda kwa Mhandisi Nyamizi, aliyekibuni kifaa kile.

"Pole sana, mama," Nyamizi alisema. "Lakini hakikukosea. Mnanaha na mnavu ni ukoo mmoja kweli. Chini ya ukoo kuna jenasi, kuna spishi, ndipo unajua mmea wenyewe. Tulikifundisha koo tu, kiwe chepesi."

"Mimi nimeishia la saba, dada. Hiyo taa izimeni leo. Siondoki." Akaweka majani mawili mezani. "Lipi la kula?"

Nyamizi alinyoosha mkono achukue kitambuajani.

"Kiache hicho. Wewe."

Mhandisi aliyatazama majani, akageuza hili, akageuza lile. Mwisho akayarudisha yote mawili mezani.

"Una mtoto?" Mama Siwema aliuliza.

"Ninao wawili."

"Wakichuma mboga wanaongozwa na nini?"

Nyamizi aliinuka, akaenda kuizima taa.