Mwenzenu Akibisha

Wauaji katika ile picha walikuwa wawili. Lugembe alilijua hilo kuliko mtu yeyote mjini Tabora, maana ndiye aliyekuwa fundi wa mashine ya sinema ya Nanji, na alikuwa ameionyesha picha hiyo wiki nzima. Lakini Jumapili ile alasiri, alipotoka kwenye kichumba chake akifuta jasho, alimwambia mkewe Siwema kwa sauti ya chini, "Leo walikuwa watatu."

"Umechoka, baba Fakhria."

"Wale wawili wana vinyago vya mbao. Huyu wa tatu kavaa gunia kichwani, na kamba shingoni. Hamfukuzi mtu. Anasimama nyuma yao, anatutazama sisi."

Siwema alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akamshika mumewe mkono, ule wa kulia wenye kovu la kuunguzwa na taa ya mashine. Alimpenda kwa mambo madogo. Kila aliporudi kazini alibisha mara mbili, kisha mara moja taratibu kwa ncha ya kidole, ili mtoto asishtuke usingizini.

Nje barazani watu walikuwa wameshaanza kuichambua picha. Kwa Nanji ndiyo ilikuwa desturi: picha ikiisha hakuna anayeondoka kabla ya kutoa maoni, utadhani ni mkutano wa mjumbe wa nyumba kumi.

"Picha ya hovyo," alisema Salmini mwenye bucha. "Damu yenyewe nyepesi kama sharubati."

"Mbona ulijifunika kofia usoni?" Lugembe akamchokoza. "Nilikuona kutoka juu."

"Nilikuwa najikuna, bwana."

Watu wakacheka. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya kipande cha mwisho, pale watu waliojifungia ndani ya nyumba wanapomsikia mwenzao akibisha na kulia, wasimfungulie, naye akakatwakatwa pale pale mlangoni.

Ndipo Siwema akamwona mtu amekaa mwisho wa baraza. Alikuwa amevaa gunia kichwani, limefungwa shingoni kwa kamba kuukuu ya katani. Lugembe alidhani ni mtu wa tangazo, Nanji amemwajiri azunguke mjini kuwaita watu. Nanji naye alidhani Lugembe ndiye aliyemleta. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu wa tangazo hana ngoma wala bango. Siwema alisikia harufu ya vumbi la zamani, kama ghala lililofunguliwa baada ya miaka mingi.

"Mwenzenu akibisha," mtu yule akauliza, sauti yake kavu kama koo lisilojua maji, "mnafungua au mnafunga?"

"Nafunga," Salmini akajibu. "Tena naweka gunia la chumvi nyuma ya mlango."

"Funga kabisa," Nanji akasema huku akicheka. "Na mimi nakaa juu ya hilo gunia."

"Nafunga," akasema Lugembe.

Gunia likamgeukia Siwema. "Mimi nafungua," alisema. "Mtu akilia mlangoni utamwachaje?"

"Mama Fakhria atatuchinjisha wote," Salmini akasema, na kicheko kikaenea baraza zima.

"Nimesikia," akasema mtu wa gunia. Walipogeuka tena hakuwapo.

Jumanne, jua la utosi, Siwema alikwenda buchani. Salmini alikuwa na kawaida ya kumwekea mfupa wa supu tangu alipojifungua, na hakutaka hata kushukuriwa. Mlango ulikuwa umefungwa. Chini yake damu ilikuwa ikichuruzika mpaka barabarani, naye akadhani ni ya ng'ombe, akaivuka. Kisha akaona kuwa inatoa mvuke.

Wanaume waliuvunja mlango ule kwa shoka. Komeo lilikuwa limetiwa kwa ndani, na chumba hakikuwa na mlango mwingine. Salmini alikuwa ananing'inia kwenye ndoano yake mwenyewe, imemwingia chini ya kidevu, tumbo limepasuliwa toka juu hadi chini kama alivyokuwa akipasua mbuzi, na kichwani amevishwa gunia. Siwema alitazama mikono ya marehemu. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka hadi mfupani, na ubao wa mlango kwa ndani ulikuwa umelowa damu kwenye kimo cha mtu anayebisha.

Alhamisi wakamkuta Nanji ndani ya chumba cha kukatia tiketi. Koo lilikuwa limekatwa hadi kwenye uti, na vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka vile vile. Siwema alilia peke yake nyuma ya nyumba. Mwaka ule wa foleni na unga wa njano, mzee yule alikuwa akimfichia sukari ya uji wa mtoto.

Jioni hiyo hiyo alimkimbilia Bi Khole, mganga wa majini aliyekaa karibu na msikiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Ile sinema ilijengwa juu ya ghala la pembe za ndovu, unajua? Enzi za misafara mpagazi mmoja alishikwa na ndui. Wenzake walimfungia mle wakaendelea na safari. Alibisha mpaka sauti ikamwishia, akafa kwa kiu. Huyo mtu amekwisha, Mungu amrehemu. Lakini ukutani mlikuwa na jini, na jini yule alisikiliza kubisha kule mpaka akajifunza."

"Mfukuze, bibi."

"Nimfukuze wapi? Anamshika mtu kwa neno lake. Aliyesema anafunga hufungiwa ndani pamoja naye. Mwambie mumeo kesho aache mlango wazi, na maji yawepo. Asifunge, hata akiona nini."

Ijumaa asubuhi Lugembe alikubali. Siwema akauacha mlango wazi, akauzuia kwa kinu cha kutwangia usijifunge, wakakaa. Ilipokaribia adhuhuri akaona mtungi umebaki na tope tu.

"Nakwenda bombani narudi sasa hivi," alisema. "Usikiguse kinu."

"Sikigusi, mke wangu."

Alirudi na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, na barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, haina mtu wala kuku, na ile harufu ya ghala ikamfikia kisogoni kabla hajasikia hatua, hatua za miguu mitupu zilizokanyaga pale alipokanyaga yeye, zikaongeza mwendo alipoongeza, mpaka akakimbia na maji yakimmwagikia machoni, akafika mlangoni kwake, akaukuta umefungwa.

"Baba Fakhria, ni mimi. Fungua."

"Nenda zako." Lugembe alikuwa ameuegemea mlango kwa ndani. "Nimeliona gunia likija barabarani. Mke wangu yuko bombani."

"Nimesharudi. Nakuomba, ondoa komeo."

"Salmini naye labda aliitwa hivyo hivyo. Nenda zako."

Nyuma ya bega lake sauti kavu ikasema, "Mwenzenu anabisha." Haikuwa inamwambia yeye. Kitu baridi kikampita ubavuni, kikapenya mbao za mlango kama moshi unavyopenya makuti, na ndani Lugembe akapiga yowe, na Siwema akasikia meza ikipinduka, na panga likigonga ukuta, likigonga ukuta tena, kisha likigonga kitu ambacho hakikuwa ukuta, na mumewe akaanza kubisha kwa ndani kwa nguvu zake zote kama mtu aliyesahau kuwa komeo liko upande wake, naye Siwema akibisha kwa nje, hata mtoto akazinduka mgongoni akaangua kilio.

Kubisha kwa ndani kukakoma.

"Fakhria?" Lugembe akasema. "Siwema, ni wewe?"

"Ni sisi. Fungua, mume wangu."

Panga likashuka. Alisikia mfupa ukikatika. Kisha, polepole sana, komeo likaanza kusogea.

Mlango ulipofunguka Lugembe alikuwa amesimama, mkono wa kushoto umeshika komeo. Wa kulia uliishia kwenye kiwiko. Ukuta mzima ulikuwa mwekundu. Lakini juu ya jeraha palikuwa pamefungwa kamba kuukuu ya katani, imekazwa barabara, kama afanyavyo mtu asiyetaka mwenzake atokwe na damu mpaka afe.

"Amechukua uliofunga," Bi Khole alisema baadaye, "akamwachia uliofungua."

Ule mkono ulitafutwa nyumba nzima, haukuonekana. Picha ilisafirishwa kwa treni hadi Usoke, na habari zikarudi kwamba walioitazama wamegawanyika: wengine wanasema picha ni ya kitoto, ila wote wanakubali kuwa yule wa gunia anatisha, hasa mkono wake wa kulia wenye kovu la moto.

Lugembe aling'oa komeo akalitupa chooni. Siku moja, jua likiwa utosini, alikuwa ameketi mkekani, amemlaza mtoto pajani, na Siwema anachambua mchele karibu naye. Mlangoni pakabishwa. Mara mbili, kisha mara moja taratibu, kwa ncha ya kidole.

Lugembe akatazama pale ulipokuwa mkono wake.

"Siwema," akanong'ona, "unafungua?"

Siwema akainuka, akateka maji mtungini kwa kata, akaishika kwa mikono miwili isimwagike, akaenda mlangoni.