Mlinzi wa Stoo Ahamia Mpemba

Ilianza na harufu ya magunia. Nyumba mpya kabisa kule Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma, marumaru mpaka chooni, rangi bado inanata kidoleni, na ndani inanuka mahindi ya msimu uliopita na ubani, kama stoo. Bibi harusi Zakia akafungua madirisha. Harufu ikahamia chumbani.

Mumewe, Sufiani, akacheka. Huyo ndiye mtoto wa marehemu Abdulrahim mwenye maghala ya Tunduma. Alikwenda kusoma Dar, akarudi na viatu vya ncha kali na neno moja: mfumo. Ukimsalimia, mfumo. Ukimdai mshahara, mfumo unasumbua.

Sasa harufu ile ilikotoka, mji mzima ulijua isipokuwa yeye. Marehemu baba yake alikuja na jini lake kutoka Pangani, akamweka kona ya nyuma ya stoo kubwa alinde, na stoo ile haikuvunjwa hata siku moja, na Tunduma hii mnavyoijua! Kompyuta zilipoletwa, mzee akasema kila anayefanya kazi hapa aandikwe. Jini naye akaandikwa, katikati ya walinzi wengine. Jina: Mzee Kimya. Makazi: stoo, kona ya nyuma. Karani Danford ndiye aliyeandika, rozari shingoni.

Mzee akafa. Sufiani akajenga, akaoa, akaona haitoshi. Kadi za bima za wafanyakazi zilikuwa njiani, akataka zote zifikie kwake, ili madereva na wapagazi waje kumpigia hodi na kumnyenyekea. Akafungua orodha ya wafanyakazi, akaweka tiki moja juu kabisa iliyowakamata wote, na kwenye makazi akaandika mara moja tu: Mpemba, nyumba ya bosi.

Kompyuta, ambayo angalau ilikuwa na akili, ikamuuliza kama amekagua taarifa zote kabla ya kuzibadilisha. Akabonyeza ndiyo. Hakuwa ametazama hata moja.

Danford alisimama nyuma ya kiti chake. Alimjua fika aliyemo kwenye orodha ile. Lakini alikuwa anangojea kupandishwa cheo, basi akasema, "Bosi, umetisha."

Ndipo Zakia, akiwa peke yake jua la utosi, akasikia mtu barazani anakohoa kikohozi cha mlinzi, khoo, khoo, akivuta komeo la kwanza, kimya, akivuta la pili, kimya, akaizunguka nyumba nzima hivyo kwa hatua nzito zisizo na haraka, dirisha kwa dirisha, mpaka hatua zikawa si za nje tena bali za sebuleni, kisha za kwenye korido aliyoifunga mwenyewe kwa ufunguo ambao alikuwa ameushika mkononi, na kitasa cha chumba chake kikashikwa, mlango ukatikiswa taratibu kama anavyofanya mtu anayehakikisha umefungwa, na sauti kavu kama punje zinazomwagika sakafuni ikasema kwenye tundu la ufunguo, "Lala salama, mama."

"Panya," Sufiani akasema aliporudi.

"Panya anaongea, Sufi?" Alikuwa ananong'ona, kanga ameiuma. "Nikisikia tena, naenda kwa baba, kule Mlowo, na hunioni."

Hapo akanywea. Alimpenda Zakia, hilo tumpe. Ndilo jambo pekee la maana alilowahi kufanya. Akamwita shangazi yake, Bi Mwanamvita, mwenye kuyajua mambo hayo.

Bi Mwanamvita akaingia, akanusa, akacheka mpaka mtandio ukaanguka. Kisha akasogeza mdomo koridoni. "Babu, huku umefuata nini?"

Punje zikamwagika. "Nimehamishwa."

"Na nani?"

"Na mwenye kazi."

Akamvuta Sufiani nje kwa sikio. "Huyo hafukuzwi, ni mfanyakazi wenu! Kwenye hiyo mashine yako mtafute Mzee Kimya peke yake, msome jina, muombe radhi kwa mdomo wako, umwandikie stoo yake. Na usimwache hata kidogo bila pa kukaa."

"Shangazi, niuombe radhi mstari wa kompyuta?"

"Omba, bwege wewe."

Kesho yake ofisini Danford alikuwepo, na Sufiani akaona aibu. Yeye, msomi, azungumze na kioo? Akaweka tiki ile ile ya wote, akafuta makazi yao kwa mkupuo, yakabaki matupu. "Nitajaza baadaye," akasema. Umekagua? Ndiyo.

"Bosi, umetisha."

Akapiga simu nyumbani kujisifu. Ikapokelewa.

"Khoo. Khoo. Nani?"

Ilikuwa sauti ya Zakia, ila imekaushwa.

"Mimi. Mume wako."

"Nilitolewa stoo. Nikatolewa nyumba. Nikatafuta pa kuingia, na binti huyu alikuwa anapiga miayo."

Na kutoka kinywa hicho hicho, kwa mbali, kama mtu aliye chini ya kisima: "Sufi, niko huku ndani. Mbona giza?"

Yule aliyetaka kunyenyekewa akapiga magoti mbele ya wapagazi wake, makamasi mpaka kidevuni. Akamtafuta Mzee Kimya peke yake, akasoma jina kwa sauti, akaomba radhi, akaandika: stoo, kona ya nyuma. Akabonyeza, akampigia shangazi. "Nimemrudisha!"

Bi Mwanamvita akashusha sauti. "Ulisubiri amtoke mkeo kwanza?"

Sufiani akaitupa simu, akakimbilia getini.

Alasiri hiyo, madereva wa malori waliopanga foleni ya mpakani waliona bibi harusi anapita katikati ya barabara kuu, hina miguuni, peku, mikono nyuma kama mwanamume, jua kali na hana tone la jasho. Mzambia mmoja akamwita mama kwa Kibemba, "Ba mayo!" kisha akapandisha kioo haraka. Zakia akampita mumewe getini bila kumtazama, akaingia stoo, akasukuma magunia, akaketi kona ya nyuma.

Baba yake alikuja kutoka Mlowo na mashehe. Wakimvuta, anafika mlangoni, anageuka.

Sufiani humpelekea chakula kila mchana. Zakia hukohoa na kumwambia, "Humu wanaingia wafanyakazi tu." Sahani inabaki chini. Halafu hutoka ile sauti nyingine, ndogo, ya mbali: "Sufi, leo siku gani?"

Na yeye, mwanamume mzima, huwa ameshakimbia.