Binti wa Kasia na Jiwe la Kuruka

Jirani zangu, na ninyi mnaosoma mkiwa mbali, sogeeni nisimulie. Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa ufukweni, na wateja wangu wakubwa ni wale wasafiri vijana wanaozunguka pwani na mabegi makubwa mgongoni. Mtaani tunawaita makonokono, kwa sababu nyumba zao wanazibeba wenyewe. Zipu zikigoma wanakuja kwangu. Watoto wamenibatiza Shangazi Zipu, na jina limenikaa.

Asubuhi za mtaa wetu ni tulivu. Nikifungua mlango nakuta upepo umeufagia mchanga vizuri kunishinda mimi, chai yangu inatoa mvuke juu ya meza ya kukatia, na ng'ambo ya barabara mama mmoja anaanika miwani ya kuzamia kwenye kamba kama nguo za mtoto mchanga. Huyo ni Mama Chiriku. Mumewe tunamwita Kasia, maana hajawahi kuonekana bila kasia mkononi, hata siku ya harusi yake watu wanasema alilisimamisha mlangoni. Kazi yao ni kuwapeleka makonokono baharini. Wanawapigisha makasia kwenye mitumbwi ya plastiki, wanawazamisha kuangalia samaki, wanawaingiza pangoni maji yakipungua, kisha wanawapandisha mwamba mmoja uitwao Jiwe la Kuruka, ambako watu wazima wenye akili zao timamu wanajitupa majini huku wakipiga kelele. Nimejiuliza sana kwa nini mtu avuke nchi zote hizo kuja kujitupa. Jibu sijapata, ila zipu nawashonea.

Binti yao pekee, mwanafunzi wa sekondari, ndiye Chiriku mwenyewe. Alianza kuongea mapema na hakupumzika. Akitoka shule alikuja dukani kwangu, akakaa kwenye kigoda, akanimwagia habari zote za darasani, nani kafukuzwa, nani kapendwa. Mimi nami ni mdaku, kuficha siwezi, kwa hiyo tulielewana.

Lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua. Bahari ikitajwa tu, Chiriku alinyamaza. Akitumwa kupeleka makasia majini, aliyalaza pale wimbi linapoishia, akarudi mbio. Wenzake wakienda kuogelea, yeye kichwa kilimuuma. Nikawa najiuliza, mtoto wa Kasia kichwa kinamuuma kila Jumamosi?

Siku moja nilitoka kununua uzi. Kurudi, namkuta amelala chali juu ya meza yangu ya kukatia, mikono ameitanua, macho kwenye mabati, midomo inacheza.

"We! Unafanya nini juu ya kitambaa cha watu?"

Akaruka chini. "Nanyoosha mgongo, shangazi."

"Mgongo wa umri wako umekunjwa na nini?"

Akacheka, akabadilisha mazungumzo. Mimi nikabaki na swali langu. Dirisha la duka langu linatazama maji mafupi, pale Kasia anapowafundisha kuogelea makonokono waoga. Siku hizo alikuwa na msichana mmoja mwenye kofia pana, tuliyemwita Kofia, ambaye alifika akiwa hathubutu hata kulowesha magoti. Kasia hakumcheka. Alimwingiza polepole, akampa mkono mgongoni, akamwambia maneno anayomwambia kila mgeni, kwa Kiswahili, na hata wasiojua Kiswahili humwelewa: "Lala chali. Mkono wangu upo chini yako." Kofia aliyapenda maneno hayo, akawa anayarudia barabarani kama mtoto anayejifunza kusoma. Haikupita muda mrefu, akawa anaelea, na baadaye akawa anaogelea kabisa.

Nataka mnielewe vizuri. Kasia si mtu mbaya. Halewi, hapigi mtu, hajawahi kulala nje. Ugonjwa wa nyumba ile ulikuwa mmoja tu: wageni kwanza. Binti akija na daftari, aliambiwa, "Mwanangu, subiri wageni waondoke." Akitaka waende wote kumwona bibi yake, wageni kwanza. Na wageni hawaondoki, jamani. Akitoka huyu anaingia yule, na wote wanatabasamu, na wote wanataka kuonyeshwa pango.

Udaku ukanishinda, nikamvaa mama mtu. "Mama Chiriku, mbona mtoto haingii majini?"

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Shangazi Zipu na wewe! Mtoto wa Kasia aogope maji? Yule samaki. Uvivu tu unamsumbua."

Mimi sikuridhika.

Ikaja siku msaidizi wa Kasia aliamka na homa, na kundi la makonokono limeshajipanga nje. Kasia akatazama huku na huku, akamwona bintiye.

"Chiriku, leo utapiga kasia na Kofia. Umeshakua."

Msichana akamtazama mama yake. Mama alikuwa ameinama, anamfunga mgeni viatu vya kuogelea. Chiriku akainama, akaokota kasia.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimepeleka jaketi la kuelea nililolishona mkanda. Nikamnyooshea. "Vaa hili, bado lina joto la cherehani."

Kasia akalichukua kwa adabu, akalitundika ukutani. "Shangazi, sisi wa nyumba hii hatuvai. Mgeni akimwona mwenyeji ndani ya jaketi, anafikiri bahari ya hapa ina neno. Anaanza kutetemeka kabla hatujasukuma mtumbwi."

Ndiyo sheria yao ya kazi, na wote wanaopeleka wageni ufukweni kwetu wanaifuata. Jaketi ni la mgeni. Mwenyeji akilivaa anachekwa na pwani nzima.

"Basi nipe mimi," nikasema, "nivae, na mimi niende."

Wakaangua kicheko. "Shangazi Zipu! Leo?"

"Nimechoka kuhadithiwa. Nataka nikaone kwa macho yangu mnachokifuata huko."

Wakanikalisha mbele ya Kasia kama gunia la viazi, na safari ikaanza. Niwaambie ukweli, nilifurahi. Maji yalikuwa maangavu hadi nikaona kivuli cha mtumbwi wetu kikitembea juu ya mchanga chini kabisa, na samaki wa rangi ya nyuzi ninazouziwa ghali wakipita bila wasiwasi. Pangoni niliuliza maswali mpaka Kasia akachoka. Nani aliingia humu wa kwanza? Maji yakijaa popo wanakwenda wapi? Nikaanza kuwaelewa makonokono. Lakini kila nikigeuka nilimwona Chiriku kwenye mtumbwi wa pili, kalishika kasia kama ufagio, vidole vimekakamaa, na Kofia nyuma yake ndiye anayefanya kazi yote.

Tukafika Jiwe la Kuruka. Makonokono wakapanda, wakajitupa mmoja mmoja. Kofia naye akapanda, akavua kofia, akasita, akaruka na jaketi lake. Alipoibuka alipigiwa makofi kama amefunga goli. Akabaki majini anaelea, hataki tena kutoka. Mimi nikabaki mtumbwini nimeshikilia mwamba kwa mikono miwili.

Mgeni mmoja akauliza, "Na binti wa nahodha je?"

Kasia alikuwa juu ya jiwe. Akamtazama bintiye, na uso wake ukang'aa. "Huyu? Huyu amezaliwa humu humu! Panda mwanangu, waonyeshe."

Hapo, wasomaji wangu, ndipo palipo na uchungu. Miaka yote nikiwa jirani yao, sikuwahi kumwona Kasia akimtazama mtoto wake namna ile, kwa fahari, mbele ya watu, bila kumwambia asubiri. Nadhani Chiriku naye alikuwa hajawahi kutazamwa hivyo. Akapanda. Akafika ukingoni, akamwangalia baba yake mara moja, akaruka.

Aliruka mikono ameitanua, vilevile kama juu ya meza yangu. Hapo nikaelewa. Alikuwa hanyooshi mgongo. Alikuwa anajifundisha kuogelea juu ya kitambaa cha watu, kwa maneno aliyoyaiba dirishani, maneno ambayo baba yake alikuwa anawapa wengine.

Maji yakamfunika. Kasia akacheka. "Subirini muone. Huyu ana utani, atatokea upande wa pili." Na watu wote wakageuka kutazama upande wa pili, naye pia.

Mkono mmoja ukatokea upande huu. Ukashika hewa, ukazama.

"Kasia!" nilipiga ukelele. "Mtoto hajui kuogelea!"

Alinigeukia, ananitazama kama mtu aliyesemeshwa lugha asiyoijua. Kofia hakusubiri aelewe. Aliogelea pale mkono ulipotokea, akaingiza mikono chini, akamshika Chiriku makwapani, akamvuta juu. Msichana alikuwa anapiga teke, anakohoa, anataka kupanda juu ya kichwa cha mwenzake. Nikahofia watazama wote. Ndipo nikasikia, kwa Kiswahili kilichopindapinda: "Lala chali. Mkono wangu upo. Chini yako."

Chiriku akalala. Maneno hayo aliyajua kwa moyo. Jaketi moja likawabeba wote wawili, na baba yake alipojitupa na kuwafikia, walikuwa wanaelea wakitazama juu.

Zahanati walimlaza, kifua kinakoroma kwa maji aliyomeza. Wazazi wakasimama pande mbili za kitanda.

"Mimi nilijua wewe umemfundisha," mama alimwambia mumewe.

"Mimi nilijua amejifunza na wenzake," Kasia akajibu. "Si wote hujifunza wenyewe?" Kisha akamwinamia binti. "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

Chiriku aliongea kwa sauti ya kukwaruza. "Ningekuambia lini, baba? Kila nikija unasema nisubiri wageni waondoke. Nilikuwa nasubiri."

Kasia alikaa sakafuni, akalia hadharani, mbele ya muuguzi na makonokono waliojaa mlangoni. Na mimi nililia, sioni aibu kusema.

Alipopona, asubuhi moja nilisikia makonokono wananung'unika nje. Walikuwa tayari, wamevaa, na Kasia amewaambia wakae mchangani. "Leo nina mtu," aliwaambia. Akaingia naye maji mafupi, maji ya kiunoni. Akaweka mkono chini ya maji.

"Lala chali, mwanangu. Mkono wangu upo chini yako."

Chiriku hakulala. "Kwanza muite Kofia asimame upande ule," alisema.

Niliona maneno yale yalivyomwingia Kasia. Hakubisha. Alimwita mgeni, wakasimama huku na huku, na msichana akajilaza katikati ya mikono miwili. Siku zilizofuata ikawa hivyohivyo. Kisha Kofia akaja kwangu nimshonee zipu, akabeba nyumba yake, akaondoka. Kesho yake Chiriku alisimama majini na baba yake peke yao, muda mrefu. Mwishowe akalala. Makonokono walipiga makofi, lakini Kasia hakuwageukia.

FUNZO

Jirani zangu, baba kujua jambo hakumfanyi mtoto alijue. Mwalimu wa watoto wa watu amtazame wa kwake ana nini daftarini. Muuguzi aguse paji la uso la mwanawe kabla ya kukimbilia wodini. Na sisi tunaoishi kwa wageni tusiwape wageni uvumilivu wetu wote, tukarudi nyumbani na masalia. Mke asidhani mume amefanya, mume asidhani mke amefanya. Muulizane. Kisha mumuulize mtoto, na mkishamuuliza, kaeni mjibiwe. Na ile sheria ya kwamba jaketi ni la mgeni peke yake, tumeitupa. Kasia analivaa siku hizi, na hakuna mgeni aliyekimbia.

Baada ya mkasa ule tuliulizana mtaa mzima, na majibu yalitutisha. Watoto waliozaliwa wakisikia mawimbi kitandani, wengi hawakujua kuogelea, na kila mzazi alikuwa anadhani wanajua. Sasa Jumamosi hakuna mtumbwi unaosukumwa mpaka watoto wetu watoke majini kwanza. Makonokono wanasubiri, na wengine wanasaidia.

Na mimi nimo kwenye foleni, na umri wangu huu na jaketi langu. Mwalimu wangu ni Chiriku. Anaongea mpaka samaki wanahama. Lakini ikifika zamu yangu anakuwa mpole, ananishika mgongoni, ananiambia, "Lala chali, shangazi. Mkono wangu upo chini yako." Nami nalala.