Kidege wa Kidimbwi cha Tatu

"Mwewe Saba. Mayai yamo vidimbwini. Mnunuzi yuko maegeshoni, anaondoka saa tano kamili."

"Nani anayabeba?"

"Hatujui. Kavaa kama nyinyi watazama-ndege. Ukimkamata asiyehusika, mnunuzi atatoroka, na kazi huna."

Redio ya Motorola ikazimika.

Rowland Tebbutt, askari kanzu aliyeitwa Mwewe Saba redioni, akatazama saa. Saa nne na dakika arubaini, asubuhi ya Aprili, Norfolk. Mayai manne ya kozi, ndege mwindaji, yaliibwa alfajiri kwenye mnara wa kanisa. Yakipoa, yamekufa.

Akaingia kibanda cha kuchungulia ndege. Watu wawili tu: Bi Doreen na biskuti zake, na Alastair Quill na darubini mpya ya Zeiss.

Wivu ukamng'ata.

Ulikuwa ukimng'ata kwa miaka kumi na mmoja. Katika vidimbwi hivi, yeye na Alastair kila mmoja alikuwa ameona aina mia na sabini na moja za ndege. Daftari lililoning'inia ukutani lilishuhudia. Lakini Alastair alikuja kila siku. Rowland, Jumamosi kwa Jumamosi.

"Umechelewa, bwana mkubwa," Alastair alisema. "Domomwiko kapita saa moja."

"Ninaye tangu mwaka juzi."

"Ndivyo unavyodai."

"Hebu nyie majogoo, kunyweni chai!" Doreen aliwakemea.

Ghafla sauti nje:

"Koo-samawati! Kidimbwi cha tatu, juu ya matete!"

Ndege huyo hajawahi kuonekana hapa. Kamwe.

Biskuti zikamwagika. Doreen, na nyonga yake mbovu, alikwisha toka mbio. Rowland naye akafika kizingitini.

Akageuka.

Alastair hakuinuka. Mikono ilikumbatia tumbo.

"Huji?"

"Goti linauma."

"Mwaka jana ulikimbia na plasta mguuni, unitangulie kwa bata!"

"Nenda ukamwone, ndugu yangu. Nakuachia."

Nakuachia?

Rowland akajiuliza. Je, ni kazi inayonena, au kijicho? Akikosea, ameumbuka. Lakini wivu humjua mtu wake kuliko mkewe amjuavyo.

Bastola ya Glock ikatoka.

"Fungua koti. Taratibu."

Chini ya sweta, mkanda wa sufi. Ndani yake, mayai manne mekundu-kahawia. Ya moto.

"Mwewe Saba. Ninayo. Mkamateni mnunuzi."

"Una hakika?"

"Nimeyashika."

Dakika mbili zikapita.

"Range Rover ya mnunuzi tumeizuia. Rudisha mayai mnarani upesi. Mama yao bado anazunguka."

Rowland akajifunga mkanda tumboni mwake. Akamtanguliza Alastair, pingu mikononi, kwenye njia ya matope inayopita kidimbwi cha tatu. Kwenye kona Alastair akasimama ghafla, shingo ndefu kama ya korongo.

"Yule pale! Koo la samawati, doa jekundu! Mia na sabini na mbili!"

Rowland akaruka kando yake.

Matete yakatikisika. Matupu.

"Alastair, pingu za nini?" Doreen, aliyekuwa ukingoni, aliduwaa. Kisha akamshika Rowland mkono. "Ngoja, mwanangu. Atachomoza tena. Dakika kumi tu."

Dakika kumi! Kila mshipa wake ulizitaka. Chini ya sweta, mayai yalimgusa ngozi.

"Yatapoa," alisema.

Alastair akacheka. "Nijiandikie ndege huyu daftarini, au utaniandikia?"

"Nitakuandikia mwenyewe," Rowland alijibu. "Kwa wino."

Nyuma yao kidege akaanza kuimba.

Rowland akafunga zipu ya koti hadi kidevuni, akamtanguliza tena Alastair, akaenda zake. Hakugeuka.