Mwano kwa Ajili ya Mgonjwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Modesta aliteka maji ziwani. Ufukweni, boti ya zahanati ilikuwa imefudikizwa, na kuku walitaga chini yake. Injini ilikuwa imeharibika tangu masika. Kamati ya zahanati ilikutana, ikakutana tena, ikanywa soda.

Wiki moja shangazi yake, Wilhelmina, alishikwa na uchungu wa kuzaa, akazidiwa. Mume wake alikimbilia boti ileile ili ampeleke hospitali ya Nansio, ng'ambo kutoka kisiwa chao, akahangaika bure na injini isiyowaka. Hakuna aliyepiga mwano. Kwa Wasukuma, mwano ni yowe linalomtoa kila mtu ndani, lakini walizoea kuwapigia wezi na viboko, siyo mgonjwa. Mitumbwi ya majirani ilikuwa imefungwa hapohapo karibu. Mtoto alifia tumboni, na inauma hata kusimulia.

Baada ya maziko, wanaume walitaka kwenda tena wilayani kulalamika kuhusu boti.

"Nendeni," Wilhelmina alisema. "Mimi boti yao siingoji tena. Kuanzia leo mgonjwa akizidiwa, apigiwe mwano. Atakayesikia alete mtumbwi au kasia."

"Shemeji, mwano si mchezo," alisema Malimi, kiongozi wa sungusungu, walinzi wa kijiji. "Anayepiga ovyo anaadhibiwa."

"Na sisi tulionyamaza tumeadhibiwa nini? Tumezika."

Malimi alikuwa wa kwanza kukubali. Wakakubaliana.

Haukupita muda mrefu, Modesta akamkuta Nkwabi, mtoto wa jirani, anatetemeka kwa degedege, macho yamegeuka. Mama yake, Evelina, alikuwa akilia tu.

Modesta aliogopa. Je, wasipokuja? Je, wakija wakamgombeza? Akatoka uani, akapiga mwano. Kimya. Akapiga tena mpaka sauti ikakwaruza.

Ndipo Malimi akatokea mbio, kasia begani, na wengine nyuma yake. Hakuna aliyeuliza mwizi yuko wapi. Walimpakia Nkwabi na mama yake mtumbwini, wakapiga makasia kwa kupokezana hadi Nansio.

Waliporudi, Nkwabi alikuwa amepona. Wilhelmina alimpokea ufukweni, akamkumbatia.

"Shikamoo, shangazi," Modesta alisema, akiwafikia pale ufukweni.

"Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri. Tulikaa tukingoja kitu kibovu kitengenezwe, kumbe mitumbwi mizima tunayo. Wanaopaswa kutuhudumia wakishindwa, tuanzishe huduma yetu wenyewe. Na tuanze mapema."

Akamrudisha Nkwabi kwa mama yake, kisha akaenda nyuma ya nyumba kumlilia mtoto wake.